Muulize Muuguzi: Uvimbe uko kwenye mrija, kwa nini watoe na figo?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga, nakuandikia kwa ajili ya baba yetu mwenye miaka 64. Amefanya kazi kiwanda cha mkonge karibu maisha yake yote na sigara amevuta tangu ujana. Mwaka jana alianza kukojoa damu. Hakuwa na maumivu, damu inakuja siku mbili halafu inapotea mwezi mzima. Zahanati walimpa dawa ya kichocho, ikakata, ikarudi. Akapewa za UTI, hivyo hivyo. Mara ya mwisho alikojoa madonge marefu membamba na ubavu wa kushoto ukambana usiku kucha. Altrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imevimba maji. Tukapewa rufaa Dar es Salaam, akapigwa CT, akapitishwa kamera na kuchukuliwa kinyama. Majibu yamesema ana saratani ya ureta ya kushoto, chini kabisa karibu na kibofu, ya daraja la juu, na kwingine haijaonekana.

Daktari bingwa anasema itolewe figo ya kushoto, mrija wote na kipande cha kibofu. Daktari mwingine hapo hapo alisema huenda ikawezekana kukata sehemu ya chini tu na mrija ukapandikizwa upya. Baba mkubwa anauliza: ugonjwa uko chini huko, figo imekosa nini? Shangazi anataka baba apelekwe kwanza Lushoto kwa mtu wa mitishamba, miezi miwili hivi. Baba mwenyewe amenyamaza, hasemi ndiyo wala hapana. Tufanye nini mama?

*Kijana wa Makorora*

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole sana, na baba mfikishie pole yangu kabla hujamsomea mengine. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimesimama thieta nikiwapa vifaa madaktari wa mfumo wa mkojo, na swali la baba yako mkubwa nimeulizwa na familia nyingi pale mlangoni. Ni swali la haki kabisa. Jibu lake lina pande mbili, ndiyo maana madaktari wawili wamewaambia mambo mawili na wala hakuna aliyewadanganya.

Nianze na mrija wenyewe. Ureta ni mrija mwembamba wa sentimita 25 hadi 30, unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Kila figo ina wake. Ndani umetandikwa utando, na utando huo huo ndio uliotanda chumba cha figo mkojo unapokusanyika, na ndio uliotanda kibofu chote. Saratani ya baba imeota kwenye utando huo. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua nyumba za mwambao zinavyopandisha chumvi ukutani: unakwangua hapa, unapaka chokaa, masika yakipita inachomoza pembeni. Saratani hii ina tabia hiyo. Kemikali za sigara alizovuta baba zilichujwa na figo, zikashuka na mkojo, na kila zilipopita ziliugusa utando wote, si pale tu uvimbe ulipojitokeza. Basi daktari anapotazama picha ya CT haoni uvimbe mmoja peke yake, anaona njia nzima ambayo huenda imeshaguswa.

Hiyo ndiyo sababu upasuaji unaotegemewa kwa saratani ya ureta ya daraja la juu, yaani ile ambayo seli zake ni kali, ni kutoa vyote pamoja: figo ya upande ule, mrija wote, na pete ndogo ya ukuta wa kibofu pale mrija unapoingilia. Ukiacha figo na mrija wa juu, umeacha utando ambao huenda tayari una kasoro, na ambao kuuchungulia mara kwa mara ni kazi ngumu.

Hiyo pete ya kibofu naomba uishike vizuri. Kile kitu kikishatoka kinawekwa kwenye trei, na muuguzi ndiye anayekipokea. Juu kuna figo, kwa mgonjwa kama baba mara nyingi imekuwa kubwa na laini kwa sababu ya maji, chini yake mrija umening'inia, na mwisho wa mrija kuna kipande cha kibofu, na katikati ya kipande hicho unaona tundu dogo jembamba, mdomo wa ureta wenyewe. Daktari makini huligeuza na kulitazama tundu lile kabla ya kufunga mgonjwa. Likiwa limo, anajua mrija umetoka wote. Kama halimo, kuna kisiki kimebaki ndani ya ukuta wa kibofu, na saratani hupenda sana kurudi kwenye kisiki hicho. Kwa hiyo mkikaa na daktari wenu muulizeni waziwazi: "Mwisho wa mrija pale kibofuni utautoaje?" Daktari bingwa hawezi kukasirika, ni swali ambalo naye anajiuliza.

Kazi hii yaweza kufanywa kwa kupasua kawaida, ubavuni na chini ya kitovu, au kwa matundu madogo ya kamera. Njia ya matundu ilianza kutumika kwa upasuaji huu Marekani mwaka 1991, na sasa kuna nchi wanatumia roboti. Faida yake ni maumivu kidogo na kutoka wodini mapema. Lakini uvimbe ukiwa mkubwa au umetoka nje ya ukuta wa mrija, kupasua wazi ndiko kunakopendekezwa. Msihangaike kutafuta matundu madogo kama aliye mbele yenu ni fundi wa kupasua wazi na amezifanya nyingi. Mimi ningemchagua fundi.

Sasa upande wa daktari wa pili. Yeye naye hakutoa wazo hewani. Uvimbe mwingi wa ureta, takriban 70 katika kila 100, huota theluthi ya chini kama wa baba, na sehemu hiyo ndiyo yenye njia nzuri ya kuokoa figo. Hukatwa theluthi ile ya chini pamoja na pete ya kibofu na matezi ya nyonga, halafu mrija uliobaki hupandikizwa kibofuni mahali papya. Hata kwa daraja la juu, wagonjwa waliochaguliwa vizuri, ambao uvimbe uko chini peke yake na juu kote ni safi, hufanyiwa hivyo.

Utajiuliza, mrija ukishakatwa si unakuwa mfupi, utafikaje? Ndipo ufundi unapoonekana. Daktari hukilegeza kibofu, hukivuta juu upande ule na kukishona kwenye msuli mkubwa unaopita pembeni ya uti wa mgongo hadi pajani, ili kisirudi chini. Kibofu kimepanda, mrija umefika. Pengo likiwa refu zaidi, hukata ulimi wa ukuta wa kibofu, huuacha umeshikana upande mmoja ili damu iendelee kufika, halafu huukunja na kuushona ukawa mrija. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Achille Boari, Mtaliano aliyeijaribu kwa mbwa mwaka 1894, na hadi leo inaziba pengo la sentimita 12 hadi 15. Mara ya kwanza kuiona niliacha mkasi mkononi nikasahau kuupokeza. Kibofu ni kiungo kinachovumilia mno.

Kwa hiyo baina ya madaktari wenu wawili, kinachoamua ni hali ya baba mwenyewe, na mambo matatu ndiyo ya kuuliza.

La kwanza, figo ya kushoto bado ni nzima? Figo iliyokaa na maji muda mrefu nyama yake inakonda hadi inabaki mfuko. Mkiambiwa imeshakufa, basi mjadala wa kuiokoa umekwisha, hakuna mnachookoa. Ikiwa bado inachuja vizuri, hoja ya daktari wa pili inapata nguvu.

La pili, ya kulia ikoje? Kipimo cha kreatinini kinaonyesha figo zote mbili kwa pamoja zinavyofanya kazi, na CT inaonyesha umbo la kila moja. Kama ya kulia ni nzima, baba ataishi na moja vizuri tu. Kama ya kulia ni dhaifu, ana presha au sukari ya siku nyingi, kutoa ya kushoto kunaweza kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, na hapo madaktari hujitahidi sana kuibakisha hata kama hatari ya saratani kurudi ni kubwa kidogo.

La tatu, huko juu mrija ni safi? Hapa kamera, CT na kipimo cha seli za kwenye mkojo husaidiana. Na wakati wa upasuaji wenyewe, mahali penye maabara ya kufanya hivyo, hupelekwa kipande cha ncha ya mrija kitazamwe mgonjwa akiwa bado mezani. Kikionekana na saratani, daktari hupanda juu zaidi au hubadilisha mpango na kutoa figo. Ndiyo maana karatasi ya ridhaa mtakayotia saini inaweza kuandikwa mambo yote mawili. Msishtuke mkiyaona.

Leza nayo mtaisikia mitaani, kwa sababu kila mtu siku hizi ana ndugu aliyetibiwa India. Kupitisha kamera nyembamba na kuuchoma uvimbe kwa leza kunafaa uvimbe mmoja tu, usiozidi sentimita 2, wa daraja la chini, ambao CT haionyeshi umechimba ukuta. Daraja la baba ni la juu. Kwake leza ingebaki kuwa ya mtu ambaye hawezi kabisa kuvumilia upasuaji mkubwa. Kuna pia kukata katikati ya mrija na kuunganisha ncha mbili, au kuweka kipande cha utumbo mwembamba badala ya mrija, lakini hizo ni za uvimbe wa katikati na juu, wa kwenu uko chini, tuziache.

Kuhusu Lushoto. Shangazi anampenda kaka yake na namheshimu, ila miezi miwili hiyo siwezi kuikubali. Saratani ya daraja la juu ikishajulikana, upasuaji ukichelewa zaidi ya wiki 12 hatari ya kuzidi inapanda, na ninyi katika hizo wiki mmeshatumia baadhi kwa rufaa, kusubiri majibu na vikao vya ukoo. Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: kuna jamii ya mimea iitwayo Aristolokia ambayo yenyewe husababisha saratani hii hii ya ureta na figo. Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake walimeza dawa za kupunguza unene zilizokuwa na mmea wa jamii hiyo, figo zikafa. Baadaye 39 kati yao wakakubali kutolewa figo na mirija iliyokufa, na 18 wakakutwa tayari wana saratani ndani. Simwambii shangazi kwamba mganga wa Lushoto anatumia mmea huo. Namwambia tu kwamba figo moja ya baba imeshaumia, na ile ya kulia ndiyo itakayombeba, isipewe kitu ambacho hakuna anayejua kilichomo. Maombi na dua afanye asubuhi na jioni. Kikombe kisubiri.

Halafu kuna huyu baba aliyenyamaza, na huyu ndiye ninayemfikiria zaidi ya wote. Ninyi mnabishana sebuleni, mwili ni wake. Wanaume wa umri wake nimewaona wakinyamaza hivyo, na siku wakipata sista wanayemwamini hunong'ona kitu kimoja au viwili. Wanaogopa kwamba watabaki na mfuko wa mkojo kiunoni hadi kufa. Wanaogopa uume wao utakufa. Mchukueni mtoto wa kiume mmoja, au rafiki yake wa barazani anayemwamini, wakae wawili tu amwambie haya: hakuna mfuko wa kudumu katika upasuaji huu. Atakuwa na mpira wa mkojo kwa wiki moja hadi mbili hivi ili kidonda cha kibofu kipone, kisha unatolewa na atakojoa kama kawaida yake, huenda mara nyingi zaidi mwanzoni. Na mishipa ya uume iko mbali na njia ya kisu kwenye kazi hii, kwa kawaida haiguswi. Akishasikia hivyo, mwacheni aulize mwenyewe kwa daktari, mlango ukiwa umefungwa. Yeye ndiye atakayetia saini akiwa na akili zake timamu. Baba mkubwa hawezi kumsainia.

Maandalizi. Watafuteni ndugu na vijana wa mtaani wachangie damu mapema, msingoje hadi mtajwe wodini. Baba aache sigara leo, si siku ya safari. Mapafu yake yanahitaji hizo wiki, na anayeendelea kuvuta saratani humrudia kibofuni kirahisi zaidi. Kama anakunywa diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya ubavu, aache na daktari ampe nyingine, kwani hizo zinaikaba figo. Muulizeni daktari kuhusu kemo, yaani dawa za kuua saratani, kabla ya kisu. Dawa yenye nguvu zaidi kwa saratani hii, sisiplatini, inahitaji figo zenye uwezo, na figo moja ikishatolewa wengine hawaivumilii tena. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa daraja la juu hupewa kabla. Wengine hupewa baada. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliopewa kemo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji, 71 katika 100 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miaka mitatu, wakati wasiopewa walikuwa 46. Kemo mtaelekezwa Ocean Road, ile taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, au hospitali kubwa nyingine yenye huduma hiyo. Bima yenu mwulizeni afisa wake kwa maandishi inalipia nini, kabla hamjapanda basi pale Kange. Na kama mfuko hauna kitu, ingieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo. Msione haya, ofisi iko kwa ajili hiyo.

Siku yenyewe, jambo moja dogo lenye uzito. Kile kilichotolewa lazima kiende patholojia, maabara inayochunguza nyama, na mara nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa ndoo akaipeleke maabara. Kabla hujaipokea tazama maneno juu yake: jina la baba, upande wa kushoto, tarehe, na kimiminika kiwe kimefunika nyama yote. Mkononi mwako umebeba jibu la kama saratani imechimba ukuta, imefika matezi, na kama kingo ni safi. Kila kitakachofuata kinategemea jibu hilo. Omba risiti, omba tarehe ya majibu, na ifuate tarehe hiyo.

Kuna kitu kingine cha kuomba kabla mpira wa mkojo haujatolewa. Dozi moja ya dawa iitwayo maitomaisini ikiingizwa kibofuni kupitia mpira huo, inapunguza saratani kuota kibofuni. Katika utafiti wa Waingereza wa mwaka 2011, waliopewa, 17 katika 100 waliota uvimbe kibofuni ndani ya mwaka, na wasiopewa 27. Daktari atapima kwanza kama kidonda cha kibofu kimeziba vizuri, maana dawa ikivuja nje inaunguza. Kama hospitali haina, haina, lakini kuuliza ni bure.

Na sasa sehemu ambayo familia nyingi huiacha njiani. Baba akishapona, nyuzi zimetoka, anatembea hadi msikitini au kanisani, mtadhani yameisha. Kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa saratani ya ureta, 22 hadi 47 huja kuota uvimbe kwenye kibofu. Upande wa pili ni wachache, 2 hadi 6, lakini kwa mtu aliyebaki na figo moja hao wachache ni wengi. Uvimbe wa kibofuni ukikamatwa mdogo unakwanguliwa kwa kamera na mtu anarudi nyumbani. Ukiachwa hadi damu ionekane tena, ni hadithi nyingine. Kwa hiyo kamera ya kibofu ni kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka, pamoja na CT na kreatinini kama daktari atakavyopanga. Wakibakisha figo yake, ratiba inazidi kuwa kali, kwa sababu na mrija uliobaki unapaswa kuchunguliwa. Baba mkubwa anayetaka figo ibaki mwambieni ahesabu na nauli hizo. Kama familia haiwezi kabisa kumrudisha hospitali kwa miaka mitano, kuokoa figo kunageuka kuwa hatari, na hilo mwambieni daktari kabla hajaamua. Atawashukuru.

Mimi kwa jinsi ulivyoeleza naelekea kwa daktari wa kwanza, kwa ajili ya daraja la juu na figo ambayo tayari imejaa maji. Kama CT ikisema figo ya kushoto bado ni nzima na juu kote ni safi, nitakaa na wa pili bila wasiwasi. Ambacho sitakaa nacho ni wiki nyingine ya kikao. Rudini kliniki wiki hii na maswali yale matatu kwenye karatasi.

Swali

Shikamoo bibi. Mama yangu alichomwa kwa leza uvimbe mdogo wa ureta, tukaambiwa ni wa daraja la chini. Aliwekewa mpira wa ndani na kupewa tarehe ya kurudi, lakini tulikwama nauli. Sasa ni miezi mitano. Akibeba ndoo anakojoa damu, na ubavu unamuuma akiwa anakojoa. Je, saratani imerudi?

*Binti wa Pangani*

Jibu

Marahaba mjukuu wangu. Mpira huo wa ndani ni stenti, imelala kutoka figo hadi kibofu ili mrija usizibe kwa uvimbe wa jeraha. Damu kidogo mtu akifanya kazi nzito, haja za mara kwa mara, na ubavu kuuma wakati wa kukojoa, hayo stenti peke yake huyaleta. Lakini stenti si ya kukaa. Nyingi hutolewa baada ya wiki chache, na hata za muda mrefu hubadilishwa ndani ya miezi mitatu hivi, kwani chumvi za mkojo huganda juu yake. Nimeona zilizosahauliwa zimevaa mawe ncha zote mbili, kuitoa ikawa upasuaji mwingine. Tena baada ya leza alipaswa kuchunguliwa kwa kamera ndani ya wiki sita hadi nane kuona kama kuna mabaki. Kwa hiyo sijui kama imerudi, na wewe hujui, na kujua kunahitaji kamera. Nendeni hospitali ya wilaya mpate barua ya rufaa, iandikwe wazi "ana stenti ya ureta tangu mwezi fulani". Akipata homa na kutetemeka, hiyo ni ya usiku huo huo, msingoje asubuhi: figo iliyoziba ikiingiwa na wadudu inaua haraka. Ndoo abebewe.

Swali

Mama, nimekulia karibu na mto huku Muheza na nimeugua kichocho zaidi ya mara moja. Baba mdogo amefariki kwa saratani ya njia ya mkojo. Je, ni kichocho? Na sisi tuko hatarini?

*Msomaji wa Muheza*

Jibu

Pole kwa msiba. Kichocho cha mkojo kimewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1994, kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, ila mahali pake hasa ni kibofu. Ureta huiumiza kwa njia nyingine: mayai yake huacha makovu chini ya mrija, unabana, figo inajaa maji. Picha inaweza kufanana sana na ya saratani, ndiyo sababu mtu wa mwambao wetu asikubali kutolewa figo bila kuchukuliwa kinyama au angalau kupimwa seli za mkojo, na ndiyo sababu pia damu isihesabiwe kichocho milele. Aliyemeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, na damu ikaendelea au ikarudi, hasa akiwa amevuka miaka 40 au anavuta sigara, apigwe altrasaundi ya figo na kibofu. Kuhusu ukoo: kuna kasoro ya kurithi inayoleta saratani ya ureta kwenye familia zenye pia saratani ya utumbo mpana au ya mfuko wa uzazi, tena kwa watu wa umri mdogo. Waulize wazee wenu kama wamewahi kuwazika ndugu wa namna hiyo, hata kama waliambiwa ni tumbo tu, na majina na umri wao uende nayo kwa daktari.